Bustani ya Mboga Mlangoni pa Mfanya Kazi

(Hotuba iliyosomwa na mwanachama wa gengi la njia ya reli mbele ya mkutano wa tawi. Imepigwa chapa hapa kwa maombi ya wanachama waliokuwa zamuni siku ile.)



Katibu wetu aliniomba niseme habari za bustani ndogo ya mboga nyumbani. Habari hiyo ilipotangazwa wako ndugu waliocheka. Walisema, chama ni cha mishahara, saa za kazi na haki ya mfanya kazi. Sukuma wiki imeingiaje katika ajenda? Mimi nawajibu kwa swali. Mshahara tunaoupigania, ukiisha kupokewa, huenda wapi? Sehemu kubwa huenda jikoni. Basi mtu anayelinda jiko lake analinda mshahara wake, na chama kinacholinda mshahara hakina budi kutazama na jiko.

Tufanye hesabu kidogo. Chukueni nyumba moja yenye watu sita. Tuseme mama wa nyumba hununua mboga, nyanya, vitunguu na dania kwa shilingi 60 kila siku, na najua wako hapa wanaotumia zaidi ya hizo. Kwa siku 30 ni shilingi 1,800. Kwa miezi 12 ni shilingi 21,600. Bustani ndogo haitafuta deni hilo lote, wala sitawadanganya. Lakini ikifuta nusu yake tu, ni shilingi 10,800 zilizobaki mkononi. Hizo ni sare za watoto, ni dawa, ni nauli ya kwenda nyumbani kumwona mzee. Haba na haba hujaza kibaba.

BUSTANI SI BADALA YA MSHAHARA

Kabla sijashika jembe, nataka kusema neno moja kwa sauti, ili mtu asije akaichukua hotuba hii akaipeleka mahali pasipostahili. Bustani si badala ya mshahara. Mwajiri asije akatuambia, "Ninyi mnalima mboga, kwa hiyo nyongeza hamna haja nayo." Hiyo ni hila ya zamani. Wakati wa ukoloni nyumba nyingi za wafanya kazi wa reli zilijengwa kwa hesabu ya mwanamume mmoja na kitanda chake, na mshahara ulipimwa kwa kipimo hicho hicho, kwa kuwa ilidhaniwa kwamba mke na watoto watalishwa na shamba la nyumbani. Yaani jembe la mama lilikuwa likimlipia mwajiri. Shida ya namna hiyo, pamoja na bei za vitu na ukosefu wa nyumba, ndiyo iliyowafanya wafanya kazi wa Mombasa, wa bandarini na wa reli pamoja, waache kazi mwezi wa Januari 1947.

Leo sheria iko wazi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 41, inampa kila mfanya kazi haki ya malipo ya haki. Kifungu cha 43 kinasema kila mtu ana haki ya kutokuwa na njaa na kupata chakula cha kutosha kilicho kizuri. Haki mbili hizi ni mbali mbali, na moja haifuti nyingine. Basi tulime mboga zetu, na mezani mwa mapatano tusizitaje.

MAHALI PA BUSTANI

Wengi wetu hatuna shamba mjini. Tuna ua, tuna kibaraza, tuna ukanda wa ardhi nyuma ya nyumba. Hapo panatosha, kama jua linafika. Mboga za majani na nyanya zataka jua si chini ya saa sita kwa siku. Mahali penye kivuli cha ukuta mchana kutwa, panda mnanaa hapo, usipande nyanya.

Nyumba ikiwa si yako, omba ruhusa kwa maandishi na uweke nakala ya barua. Wale waliosoma shule za misheni kama mimi watamkumbuka Mfalme Ahabu katika Kitabu cha Wafalme. Alilitamani shamba la mizabibu la Nabothi alifanye bustani ya mboga, kwa sababu lilikuwa karibu na nyumba yake. Kutaka mboga karibu na nyumba Ahabu hakukosea. Ubaya ulikuja katika njia ya kulipata shamba lenyewe. Kwa hiyo, ndugu, barua kwanza, jembe baadaye.

Na tafadhali sana, tusilime kando ya njia ya reli. Hapa nasema kama mtu wa gengi. Mfereji wa kando ya tuta la reli haukuchimbwa kwa pambo. Unaondoa maji ya mvua yasikae chini ya kokoto na mataruma. Ukiuziba kwa matuta ya viazi, au ukiukata ili maji yaende kwenye sukuma yako, maji yatatafuta njia nyingine, na njia hiyo huwa ni chini ya reli. Mwezi wa Januari 1993 mafuriko yalibomoa daraja la Ngai Ndethya, upande wa Mtito Andei, garimoshi la abiria likaanguka mtoni, na watu zaidi ya 100 wakafa. Sisemi ya kwamba bustani ndiyo iliyoleta msiba huo. Ilikuwa ni mvua kubwa. Nasema maji ni adui wa reli, na sisi tunaomjua adui huyo tusimfungulie mlango. Tena kando ya reli hupigwa dawa ya kuua majani, na mboga iliyoota hapo haifai kuliwa na mtoto.

VITU VYA KUKIMBIA

Wenzetu wa mashamba hawana hatari tulizo nazo sisi wa reli, kwa hiyo nitazitaja moja moja.

Ya kwanza ni mataruma ya mbao. Mataruma mengi ya reli yetu ya zamani ni ya chuma, na ya reli mpya ni ya saruji, lakini kwenye pointi na madaraja yamewekwa ya mbao, nayo yamelowekwa katika kreosoti, mafuta meusi yatokayo katika lami ya makaa ya mawe, ili mchwa na kuoza visiyale. Mtu huona taruma kuukuu akasema, "Hili litazuia udongo wa tuta langu vizuri." Usifanye hivyo. Shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani limeiweka kreosoti katika orodha ya vitu vinavyoelekea kuleta saratani. Mafuta yale huvuja jua linapowaka na huingia katika udongo. Tena usilichome taruma hilo jikoni, maana moshi wake ni sumu. Juu ya hayo, taruma ni mali ya kazi, na wote twajua barua inayomfuata mtu akionekana nalo uani kwake.

Ya pili ni udongo wa mahali palipomwagwa mafuta ya injini, na majivu ya makaa ya mawe yaliyobaki palipokuwa na karakana za injini za moshi. Majivu ya kuni ni mazuri, konzi moja moja. Majivu ya makaa ya mawe yaache yalipo.

Ya tatu ni betri kuukuu za gari na vumbi la rangi za zamani. Vitu hivi vina risasi, yaani ile madini nzito, na risasi huharibu akili ya mtoto anayekua. Ikiwa ua wako ulikuwa gereji au mahali pa kuvunjia betri, usipande ardhini. Panda katika magunia au makopo kwa udongo ulioletwa kutoka mahali safi.

Ya nne ni maji machafu ya choo. Sukuma iliyonyweshwa maji ya bomba la choo lililopasuka hunawiri kuliko nyingine zote, na ndiyo iletayo minyoo, homa ya matumbo na kipindupindu. Unene wa jani si ushahidi wa usafi.

TUTA NA MBOJI

Pima tuta la upana wa futi 4 na urefu wa futi 20, au urefu wowote uliopata. Upana usizidi futi 4, ili uweze kufika katikati kwa mkono ukiwa umesimama pembeni, wala usikanyage ndani kamwe. Chimba futi moja, weka udongo wa juu kando, kisha chimbua futi ya pili bila kuutoa udongo wake. Changanya na samadi iliyooza, karai mbili tatu kwa kila hatua ya tuta, ndipo uurudishe udongo wa juu. Walio Nairobi upande wa mashariki, penye udongo mweusi unaonata wakati wa mvua na kupasuka wakati wa jua, wainue tuta nusu futi juu ya ardhi ili maji yasituame. Walio kwenye udongo wa mchanga waongeze mboji, kwa kuwa mchanga hauweki maji.

Samadi mbichi huunguza mizizi, na ya kuku huunguza zaidi. Iache ioze miezi miwili au mitatu. Asiye na samadi atengeneze mboji. Chagua pembe ya ua, upana wa futi 3 kwa 3. Weka vijiti chini hewa ipite, kisha majani makavu, kisha majani mabichi na maganda ya jikoni, kisha udongo kidogo na majivu ya kuni kidogo, nyunyizia maji, uanze tena, mpaka rundo lifike kiunoni. Usitie nyama wala mifupa, la sivyo utafuga panya. Chomeka fimbo katikati. Baada ya siku chache uichomoe na kuishika. Ikiwa ina joto, rundo linafanya kazi. Ikiwa baridi na kavu, ongeza maji. Geuza baada ya majuma matatu. Kwa muda wa miezi miwili hadi mitatu utapata udongo mweusi usionuka, na hukutoa hata senti moja.

MBOGA GANI TUPANDE

Kila mji wa reli una hali yake. Ndugu walio Mombasa na Voi, penye joto, wapande zaidi mchicha, kunde, bamia, biringanya na mrenda, maana kabeji huko huteseka. Walio Nairobi na Nakuru wana bahati, karibu kila mboga huota. Walio upande wa Limuru na Molo, penye baridi, kabeji, karoti na njegere zitawafurahisha, lakini nyanya zitawatoa jasho kwa ugonjwa wa ukungu.

Sukuma wiki ndiyo mama wa bustani, na jina lake lenyewe lasema kazi yake: husukuma juma mpaka siku ya mshahara. Sia mbegu katika kitalu kidogo chenye kivuli chepesi. Baada ya majuma manne hadi sita, miche ikiwa na unene wa penseli, ipandikize jioni, mche na mche futi moja na nusu. Tuta lile la futi 4 kwa 20 litachukua mistari mitatu, yaani miche 39. Mmea ukiisha kushika utachuma majani mawili au matatu kwa juma kutoka kila mmoja. Tuseme mawili tu; ni majani 78 kila juma. Ikiwa mapishi moja huchukua majani 25, umepata mapishi matatu kila juma kutoka tuta moja, na mmea uliotunzwa huendelea kwa miezi mingi. Chuma majani ya chini, acha manne au matano ya juu. Anayeunyoa mmea wote leo atanunua kesho.

Spinachi tunayoijua hapa Kenya, ile ya jani pana na shina nene jeupe, ni ndugu wa kiazi chekundu kiitwacho bitiruti. Hupandwa na kuchumwa kama sukuma, wala haisumbuliwi sana na wadudu wa kabeji.

Mchicha, au terere, ni mboga ya mtu mwenye haraka. Sia katika mistari, na baada ya majuma matatu au manne anza kung'oa ile iliyosongamana. Iliyobaki uikate juu ichipue tena.

Sasa nije kwenye mboga za wazee wetu. Managu, ambayo Waswahili huiita mnavu na Wajaluo osuga, saga, ambayo Wakisii huiita chinsaga na Wajaluo dek, kunde, na mrenda. Kuna wakati watu wa mjini walizionea haya wakasema ni mboga za maskini. Siku hizi huuzwa sokoni kwa bei inayoizidi sukuma, na anayezicheka ni mtu asiyekwenda sokoni. Managu uipande futi moja moja, uchume ncha, itatoa matawi. Tunda lake bichi la kijani lina sumu, watoto wakatazwe kulila. Kunde ina faida mbili: majani yake ni mboga, na mizizi yake ina vinundu vyenye vijidudu viletavyo mbolea ya hewa katika udongo. Kwa hiyo palipotoka sukuma, panda kunde.

Hapo nimegusa jambo la zamu. Sisi twajua zamu. Mtu hawezi kufanya kazi ya usiku mwaka mzima, na udongo hauwezi kubeba mboga ile ile msimu hata msimu. Nyanya, biringanya, pilipili, viazi na managu ni ukoo mmoja, ugonjwa wao ni mmoja. Sukuma na kabeji ni ukoo mmoja. Kila msimu hamisha ukoo: majani, kisha kunde au maharagwe, kisha nyanya, kisha vitunguu au karoti.

VIUNGO

Viungo havihitaji tuta. Kopo la rangi lisifae, maana rangi ni sumu, lakini kopo la mafuta ya kupikia, beseni lililopasuka na debe bovu vyote vyafaa, mradi vitobolewe chini maji yatoke.

Dania iponde kidogo mbegu yake kabla ya kusia, kwa kuwa kila kidonge kina mbegu mbili ndani. Isie pale pale itakapokaa, haipendi kuhamishwa. Jua kali huifanya itoe maua upesi, basi sia kidogo kidogo kila baada ya majuma matatu, usisie pakiti nzima siku moja. Mnanaa uweke katika kopo lake peke yake, maana ukiuachia tuta utalitawala lote kama mnyapara mbaya. Mchaichai upande pembeni, shina moja huwa fungu kubwa, nao hunukiza chai wakati hakuna tangawizi. Rozimari huota kwa kijiti kilichokatwa, wala haitaki maji mengi. Vitunguu vya majani ukivikata juu huchipua tena. Pilipili miche miwili inatosha nyumba nzima pamoja na majirani. Na rihani, wenzetu wa pwani hawahitaji mimi niwafundishe.

Viungo hivi ni vya kunukiza chakula na kutuliza tumbo. Mtoto akishikwa na homa, mpelekeni hospitali, msimpelekee mnanaa.

ASIYE NA UDONGO

Nyumba nyingine mlango unafunguka kwenye saruji. Huyo naye asikate tamaa. Baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, chakula kilipokuwa shida, watu wengi wa Kibera, ambako reli ya kwenda Kisumu hupita katikati ya nyumba, walipanda mboga katika magunia. Kazi yake ni hii. Chukua gunia imara. Changanya udongo makarai mawili na samadi iliyooza karai moja. Simamisha katikati ya gunia kopo lililokatwa juu na chini, ulijaze mawe madogo. Jaza udongo pande zote mpaka ufike juu ya kopo, kisha livute kopo juu na ulijaze mawe tena, mpaka gunia lijae na katikati kuwe na mnara wa mawe. Mnara huo ndio bomba, utapeleka maji mpaka chini. Toboa matundu ubavuni, kila moja mbali na jingine kama shubiri moja, upandikize sukuma au spinachi humo, na juu upande dania au vitunguu. Gunia moja huchukua mahali pa kiti, nalo hubeba miche 30 au zaidi.

Tena sisi ni watu wa uhamisho. Barua huja leo, na kesho kutwa uko kwenye behewa na vyombo vyako. Tuta huwezi kulibeba, lakini makopo ya viungo na chupa ya mbegu hubebeka. Achia kila mmea mmoja wa mchicha, wa managu na wa kunde ukomae utoe mbegu. Zikaushe kivulini, uzitie katika chupa kavu yenye kifuniko, uandike jina na tarehe. Na yule anayekuja kukaa katika nyumba uliyoiacha, mwachie tuta likiwa limepaliliwa. Huyo ni mfanya kazi mwenzako.

MAJI NA ZAMU

Nyeshea asubuhi na mapema au jioni. Anayetoka zamu ya usiku saa 12 asubuhi anyeshee kabla ya kulala. Dereva au gadi anayelala safarini apatane na jirani, leo kwako kesho kwangu. Mwagia chini shinani, usimwagie juu ya majani, hasa nyanya, maana jani lililolowa hukaribisha ukungu. Tandaza nyasi kavu juu ya tuta, maji yatakaa zaidi na magugu yatapungua. Maji yaliyosafisha mboga au kusuuzia nguo mara ya mwisho yafaa. Yale mazito ya sabuni na dawa ya kung'arisha nguo hayafai. Mahali penye bomba la pamoja, tumieni kwa haki, ili bustani ya mmoja isiwe kiu ya mwingine.

WADUDU

Vidukari, wale wadogo wanaojaa chini ya jani la sukuma kama unga, wafute kwa kidole au uwanyunyizie maji ya sabuni kidogo, kisha usuuze. Viwavi waokote kwa mkono asubuhi. Sota hukata mche shingoni usiku. Uvishe mche pete ya karatasi ngumu iliyoingia udongoni kidogo. Kinyonga na wale wadudu wadogo wekundu wenye madoadoa msiwaue, ni askari wetu wasiodai mshahara.

Ikikulazimu kununua dawa, soma karatasi yake yote. Imeandikwa ni ya mmea gani, na siku ngapi ungoje kabla ya kuchuma. Ikisema siku 7, si siku 3. Kopo lake tupu usilitie maji ya kunywa hata ulioshe mara mia. Fedha ya bustani imekusudiwa kununua afya. Isije ikanunua ugonjwa.

JIKONI

Osheni mboga kabla ya kuzikata. Msizipike mpaka zigeuke rangi ya udongo, maana nguvu ya jani huisha motoni. Tieni mafuta kidogo, kwa kuwa vitamini A iliyomo katika majani ya kijani huingia mwilini pamoja na mafuta. Managu na saga, kama ni chungu, wenzetu wa magharibi huzipika kwa maziwa, nazo huwa tamu. Na wanaume wenzangu, kuchuma mboga si kazi ya mama peke yake. Mkono unaoshika nyundo ya gengi utaweza kushika jani la sukuma.

MAOMBI YANGU KWA TAWI

Bwana Mwenyekiti, sipendi hotuba inayoishia katika makofi. Naleta maombi manne, tawi liyajadili.

1. Katibu aandike barua kwa wenye nyumba tunazokaa, kuomba ruhusa ya jumla ya bustani uani, ili mtu mmoja mmoja asisumbuliwe.

2. Tawi liwe na kitalu kimoja cha miche, kitunzwe kwa zamu, na mwanachama apate miche kwa bei ya mbegu tu. Mjane wa mwanachama na ndugu aliyesimamishwa kazi wapewe bure.

3. Tununue kwa pamoja samadi lori moja kabla ya mvua za Machi, na lori jingine kabla ya mvua za Oktoba. Lori moja likigawanywa kwa nyumba 20 ni rahisi kuliko gunia moja moja.

4. Wajumbe wetu wa mapatano wasiitaje bustani hii mbele ya mwajiri, na wakiulizwa wajibu kwamba mfanya kazi analima kwa jasho lake baada ya saa za kazi, na saa za kazi bado zadai malipo yake kamili.

Ndugu zangu, mtu mwenye mboga mlangoni haendi kwa mwenye duka na kofia mkononi siku ya tarehe 20. Na mtu asiye na deni dukani husimama wima zaidi katika mkutano kama huu, na hata siku chama kitakapomwita asimame imara, hataogopa upesi kwamba watoto watalala njaa jioni ile. Kwa sababu hiyo nasema jambo hili ni la chama.

Mwenye swali aulize. Mwenye mbegu ya saga, tuonane mlangoni, yangu imepungua.